Chungu cha Mbegu

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu mvua ya kwanza inyeshe, na Maduhu alikuwa bado hajakiulizia chungu cha mbegu.

Nyamizi, mkewe, alishukuru kwa kila siku iliyopita. Chungu kilikuwa pale pale kando ya kitanda, mdomo umezibwa kwa majivu na kinyesi cha ng'ombe kama mama yake alivyomfundisha, na ndani hamkuwa na punje hata moja ya mtama. Mlikuwa na mchanga. Mtama wa mbegu aliupika mwezi wa tisa, njaa ile ya tisini na saba ilipowabana, na Maduhu yuko machimboni Segese, hatumi hata salamu. Watoto walikula wakashiba. Yeye naye alikula, na hilo ndilo lililomnyima raha zaidi.

Kwa desturi yao, mume ndiye huvunja kizibo mvua ikinyesha. Lakini siku ya kwanza Maduhu alisema ng'ombe wapumzike. Siku ya pili udongo eti ulikuwa na maji mno. Siku ya tatu alishinda akinoa jembe lililokwisha kunoleka, majirani wote wako mashambani. Duara, shimo alimochimba dhahabu, lilijaa maji, akarudi mikono mitupu, na tangu arudi alikuwa mpole kupita kiasi. Watu wakimuuliza mbona hapandi, aliwajibu kwamba hana wasiwasi, Mama Scola hajawahi kukosa mbegu.

Sifa hizo zilimchoma Nyamizi kuliko kipigo. Asubuhi ya nne alipiga magoti mbele ya mumewe.

"Baba Scola, mbegu niliwapikia watoto. Mle chunguni nimejaza mchanga. Nimekukosea."

Maduhu hakuinua mkono wala sauti. Aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka. Nyamizi aliona aibu mpaka akatamani achapwe, yaishe.

Ndipo waliposikia mtu akiswaga ng'ombe wa plau upande wa shambani kwao. Nyamizi alitoka kuchungulia. Kalisti, mwenye duka kule Segese, alikuwa anapasua ardhi katikati ya shamba lao, bila hata kupiga hodi. Nyamizi akajifunga kanga kiunoni aende kumfukuza.

Maduhu alimwahi, akamshika mkono.

"Mwache alime, Mama Scola. Shamba ni lake tangu mwezi wa nane."