Fimbo ya Kutangulia

Watu waliotembea vilimani kila Jumamosi asubuhi walikuwa na desturi moja: mwenye mwendo wa polepole kuliko wote ndiye aliyeshika fimbo na kutangulia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

Mdoe aliichukia desturi hiyo. Miguu ilimwasha. Siku zote alikaa nyuma ya msafara, akinung'unika kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. "Kwa mwendo huu, msituni tutafika kesho."

Jumamosi hiyo Bi Namkunda, aliyekuwa akitangulia tangu goti lilipoanza kumsumbua, alifika akitembea vizuri. Alimwendea Mdoe moja kwa moja, akamnyooshea fimbo.

"Shika, kaka."

"Mimi? Si goti lako ndilo linalosumbua?"

"Goti limepona." Akashusha sauti. "Na wiki iliyopita ulibaki nyuma sana. Tulikuwa tunasimama kukungoja, tunasingizia kupumzika."

Mdoe aliwatazama wenzake ili wacheke pamoja. Kila mmoja alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu, hata Shemboko aliyevaa kandambili.

Aliinyakua fimbo, akaanza kupanda. Alikwenda mbio ili awaonyeshe, akazidisha, mpaka chini ya miti ya kwanza pumzi ikamkatika. Akasimama. Nyuma yake nyayo zote zikasimama.

Hakugeuka. Baada ya muda aliisogeza fimbo mbele, akapiga hatua moja ndogo. Nyuma yake majani makavu yakalia, hatua moja ndogo.