Mashine Inayojibu Yenyewe

Asubuhi nilimwomba bosi anipandishe cheo. Alicheka mpaka akafuta machozi. "Dada yangu, wewe bado unajifunza. Kampuni changa ni shule. Vumilia."

Mchana alikuwa upande wa pili wa mlango, akiwaonyesha wageni wenye mitaji mashine yetu inayojibu yenyewe maswali ya wafugaji wa kuku. Mashine ni mimi. Nilikuwa nimefungiwa stoo na kompyuta mapajani, na kila swali lililoandikwa kule lilinifikia huku.

Nilipoajiriwa sikujua hata kideri ni ugonjwa gani. Nimesoma vitabu vya mifugo, nimewasumbua madaktari, nimewajibu wafugaji mpaka herufi za kibodi zimefutika.

"Haichoki, hailalamiki," nilimsikia bosi akitamba. "Na haiombi cheo!"

Wageni wakaangua kicheko.

"Hebu na mimi niiulize," ilisema sauti ya mama mmoja. Swali lake likatokea mbele yangu: Umejifunzia wapi haya yote?

Jibu la swali hilo bosi alishanikaririsha. Vidole vyangu vikatulia kidogo juu ya zile herufi zilizofutika.

Nikaandika: Humu stoo, mama. Mlango uko nyuma yako.

Kule kiti kikaburutwa sakafuni.

"Hiyo ni hitilafu ndogo tu," bosi alianza kusema, "tutairekebisha..."

Mlango ukagongwa mara tatu.