Chupa ya Nne

Tangu yale mafua makali ya mwaka jana, Raziya hakusikia tena harufu yoyote, hata chakula kikimuungulia jikoni. Siku hiyo alilaza kichwa kwenye beseni la saluni, na Mwatima, msusi wake, akamjaribishia shampuu na kondishena mpya zisizo na salfeti, ile kemikali ya kuzidisha povu.

"Hii ya nazi, shoga. Waisikia?"

"Nasikia uvuguvugu wa maji tu."

Wakajaribu ya ndimu, kisha ya asumini. Povu lilikuwa jepesi, na usingizi ukaanza kumchukua. Mwatima alipompaka kondishena ya karafuu, Raziya alifumbua macho ghafla.

"Mama kaja? Nasikia harufu yake."

"Hajaja mtu, shoga. Ni karafuu hiyo."

Raziya aligeukia mlangoni, nywele zikimchuruzika maji, akatabasamu kama mtu anayengoja kukumbatiwa.