Kuvu ya Dakta Egidius

Kisahani kingine kikageuka cheusi tii, na Dakta Egidius akautukana msitu mzima wa Ngezi.

Hata kuvu za huku hovyo! Alizibandua kwenye magogo yaliyooza, akazilea juu ya jeli ya wanga, kisha akamimina iodini. Penye wanga huwa peusi. Kuvu inayokula wanga ingeacha mahali peupe. Hakuna iliyokula, na kosa, bila shaka, lilikuwa la Wapemba.

Bi Mwanawema, aliyempangisha chumba hapo Makangale, alichungulia mlangoni akitafuna muhogo wa kuchemsha.

"Kwani watafuta nini humo, mwanangu?"

"Kimeng'enya. Utaelewa wapi?" Alicheka kwa dharau. "Hata kinywa chako hicho kinameng'enya wanga, ndiyo maana muhogo ukiutafuna sana huwa mtamu. Mimi nataka kuvu ya kufanya kazi hiyo viwandani. Nimebakiwa na kisahani kimoja. Nacho kikiwa cheusi kesho, mradi unafungwa, narudi Bukoba kufundisha sekondari."

"Muombe Mungu, baba."

"Omba wewe. Mimi nina sayansi."

Akatoka kwenda kutazama mpira.

Asubuhi alimimina iodini kwenye kisahani cha mwisho, jicho moja amelifumba. Weusi ukatanda, lakini ndani yake mkabaki madoa meupe! Ajabu ni kwamba hayakuizunguka kuvu yenyewe. Yalitapakaa huku na kule kama manyunyu. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Huyu alipiga simu Dar es Salaam.

"Profesa, nimeipata! Ina nguvu mpaka inarukia mbali! Ndiyo, tangazeni leo hii. Na iitwe kwa jina langu."

Akamgeukia Bi Mwanawema, aliyekuwa akifagia ukumbini. "Umeona, bibi? Hiyo ndiyo sayansi. Nyie shindeni mkimumunya dua zenu."

Bi Mwanawema akauachia ufagio, machozi ya furaha yakimlengalenga.

"Alhamdulillahi! Jana ulivyotoka, miye roho yaniuma. N'kakifunua kile kisahani chako, n'kakisomea Yasini nzima. Na kila nikituwa mwisho wa aya, n'kakitemea mate, pu, pu, kama tunavyowatemea watoto wetu."