Ndiye au Siye?

Taa ya mashine ya nne iliwaka nyekundu tena, na yule mama bado anatabasamu.

Shukriya akamwangalia kuanzia viatuni mpaka kwenye shela. Ndiye. Wallahi ndiye! Mtu mzima gani anaingia supamaketi ya hapa mjini Ibra asubuhi, anaziacha kaunta tupu zenye watu wa kumhudumia, anakwenda kuhangaika na mashine za kujilipia, kama hana lake jambo?

Na jambo lenyewe Shukriya alilijua. Ijumaa kina Ghassan wanakuja kutoka Izki kuleta posa. Ghassan kasoma naye chuo, wamesubiriana mpaka wote wamepata kazi, na sasa kilichobaki ni mama yake tu, Bi Kaltham, ambaye Shukriya hajapata kumwona hata kwenye picha. Na Bi Kaltham haposi asichokikagua. Alipotaka kumwoza mwanawe mkubwa, alikwenda kliniki anayofanya kazi yule msichana, akajifanya jino linamuuma. Jino zima! Akakaa pale anamtazama msichana anavyosema na wagonjwa. Alipotoka ndio akasema, "Huyu sawa."

Kwa hiyo wiki nzima, kila mama mwenye mkoba akiingia dukani, Shukriya anamkagua yeye kwanza.

"Mwanangu, mashine yako hii hainipendi," yule mama akasema.

Kiswahili! Tena cha bara, kile kile cha kwao Ghassan, waliorudi huku Uarabuni kutoka bara.

"Shikamoo mama. Tatizo dogo tu. Inasema uzito wa mfuko hauko sawa."

"Marahaba. Haya, itengeneze." Lakini mashine haitazami, anatazama mikono ya Shukriya. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Marhoun, mama. Sisi asili yetu Unguja."

"Ahaa, watu wa mapishi. Na kazi hii umelazimishwa au unaitaka mwenyewe?"

"Naitaka mwenyewe, mama. Bado wananijaribu, inshallah wataniajiri."

"Hasira je, unazo?"

"Mimi? Hasira?" Shukriya akacheka mpaka magego yakaonekana. Kisha akaona hayo meno yamezidi, akafunga mdomo.

Taa bado nyekundu. Sheria ya duka ilikuwa moja: ikiwaka nyekundu, fungua mfuko, toa vitu, linganisha na vilivyo kwenye skrini. Muatasim, meneja wao, kaisema mpaka wanaiota. Vitu vinapotea kwenye mashine zile, na anayeulizwa ni anayesimama pale.

Sasa ampekue mama mkwe? Mbele za watu? Hiyo posa si itageuzia njiani!

"Nikufungulie mfuko, mwanangu?" yule mama akauliza. Mkono kauweka juu ya mfuko, macho kayakaza usoni kwa Shukriya.

Haya, mtihani wenyewe ndio huu.

"Astaghfirullah, mama! Mtu kama wewe?"

Akagusisha kadi yake ya kazi, taa ikawa kijani. Tena mfuko akaubeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Mzito huo!

"Umelelewa wewe," yule mama akamwambia, akaondoka zake.

Shukriya akarudi ndani karibu aruke. Akamtumia Ghassan ujumbe wa sauti: "Mama yako keshakuja kunikagua! Na nimepasi, wallahi nimepasi!"

Jibu likaja hapo hapo. "Mama gani? Mama yuko chumbani kwake, kichwa kinamuuma, kasema asiamshwe. We vipi leo?"

Simu bado iko mkononi, Muatasim akamwita ofisini. Kwenye skrini, kamera ya juu inamwonyesha yule mama kwenye rafu ya udi. Boksi likaingia mfukoni. Na jingine. Akahamia kwenye zafarani, akaikomba. Mwisho akaweka pakiti ya maziwa juu yake. Maziwa ndiyo aliyolipia.

"Na wewe ukambebea," Muatasim akasema. "Mlango wa gari nani alimfungulia?"

"Mimi," Shukriya akajibu.

"Kamera inaonyesha shela tu, uso hakuna. Uso umeuona wewe peke yako. Popote utakapomwona, nipigie, niwalete polisi. Nikisikia umemwona ukanyamaza, kazi huna."

Shukriya akaenda kulia chooni. Lakini katikati ya kilio, aibu tupu, akajikuta anashukuru. Kumbe mwizi! Mwizi wa kawaida tu. Bi Kaltham kalala kwake Izki na kichwa chake, hajui kama mchumba wa mwanawe ni mpumbavu. Posa iko pale pale.

Ijumaa baada ya alasiri, gari zikasimama nje kwao. Shukriya, hina mpaka kwenye viwiko, akachungulia dirishani. Ghassan akateremka na dishdasha yake, kanzu nyeupe pe, akazunguka upande wa pili, akamfungulia mama yake mlango.

Bi Kaltham akashuka taratibu, akatengeneza shela, akanyanyua uso mpaka dirishani. Akatabasamu.

"Mungu akuweke, mwanangu," akasema kwa Kiswahili cha bara. "Leo hamna mashine?"

Ghassan akacheka, hakuelewa kitu.

Shukriya alikuwa keshaitafuta namba ya Muatasim. Kidole kiko juu yake, hakishuki.

"Shukriya!" mama yake akaita kutoka ukumbini. "Njoo umpokee mama!"

Akaizima simu. Akapita kwanza chumbani kwa mama yake, akalifunga kabati la dhahabu, ufunguo akautia kifuani, ndipo akaenda mlangoni kumbusu mkwe wake mkono.