Ukurasa wa Kwanza wa Daftari

Tangu siku maiti ya mwanawe ilipoletwa kutoka vitani, Bi Nakiete hakurudi tena ofisi ya usalama alikokuwa mpiga chapa. Siku ya tatu ya msiba Waziri wa Ulinzi alifika na wapiga picha. Akapewa daftari la rambirambi asaini, kama kila mgeni.

Asubuhi hiyo Bi Nakiete alikuwa amebandika kwenye ukurasa wa kwanza ripoti aliyowahi kuitoa ofisini. Yeye ndiye aliyeipiga chapa, wiki moja kabla ya vita: "Malori ya nchi jirani yamebeba mabomba ya maji. Hatukuona silaha." Pembeni, kwa wino wa kijani: "Nimesoma," na sahihi ya Waziri. Redioni Waziri alikuwa ametangaza kwamba malori hayo yamebeba mizinga, na vita vikaanza.

Waziri aliinama. "Mama, hii ni siri ya serikali."

"Mazishi yalikuwa ya hadharani, Mheshimiwa," Bi Nakiete alisema taratibu. "Saini tu, wageni wenzako wanasubiri."

Waziri aliiweka kalamu chini, akaondoka. Jirani wa Bi Nakiete, aliyefiwa na wana wawili vitani, akaiokota, akasoma ripoti kwa sauti, akasaini.

Daftari bado liko barazani kwa Bi Nakiete, na wafiwa wanaendelea kuja kusaini.