Alama Tatu za Tupa

Kisu cha Sikudhani kiligonga kitu kigumu begani mwa mnyama aliyekuwa akimchuna, pofu mkubwa kama ng'ombe. Haikuwa risasi ya Mbaruku, aliyemwangusha asubuhi ile. Hiyo alikwisha kuitoa moyoni mwa mnyama, imechanuka kama ua. Hii haikuchanuka hata kidogo, na nyama ilikuwa imeifungia ndani ya kovu la zamani.

Akaipangusa kwa upindo wa kanga. Kitakoni mwa risasi aliona mikwaruzo mitatu ya tupa, alama ya mumewe, Ngwale.

Miaka mitatu nyuma Ngwale aliapa kwamba amempiga pofu begani. Hata tone la damu halikuonekana, na mji mzima ukamcheka mpaka akaitundika bunduki. Sikudhani naye alicheka.

"Umepata nini, shemeji?" Mbaruku aliuliza.

"Haki ya mtu."

Mbaruku aliitazama ile mikwaruzo, kisha akamkatia kipande cha ini. Kwa desturi yao, risasi iliyotoka kwa mnyama huandaliwa aliyeipiga, juu ya ini.

Nyumbani Sikudhani alilipika ini, akaipakua risasi juu yake, akaifunika kawa.

"Leo nani kaua?" Ngwale aliuliza, uso ukutani.

Sikudhani aliisogeza sahani ya bati karibu naye, na chini ya kawa risasi ikabingirika, ikalia kwenye bati.

Ngwale akageuka.